Kurasa 46 na Kadi Moja Nyeupe: Tathmini ya Huduma ya Ukaguzi wa Usalama Mjini Unguja

Nyumba ya wageni ninayoitunzia hesabu ina vyumba 14 na iko Kiponda, katika kichochoro ambacho watu wawili waliobeba makapu hawapishani mpaka mmoja wao ajigeuze ubavu. Ndani ya mwaka mmoja tumelipia ukaguzi wa usalama wa mifumo yetu mara mbili: mara ya kwanza kwa kampuni ya nje ya visiwa hivi, iliyofanya kazi yake yote kwa mbali kupitia intaneti, na mara ya pili kwa ofisi ya mafundi wawili iliyoko ghorofani Mlandege, juu ya duka la vitambaa. Tathmini hii ni ya huduma ya pili, na ile ya kwanza nitaigusa tu pale ambapo bila ya kulinganisha maneno yangu yatakosa uzito. Sitaitaja ofisi yoyote kwa jina, kwa sababu kila moja nina la kuilalamikia. Anayetaka kujua zaidi anajua baraza ninayokaa baada ya alasiri.

Ripoti ya kampuni ya kwanza ilikuwa na kurasa 46, nyingi zikiwa na visanduku vyekundu. Namna ilivyotengenezwa si siri: programu hupitishwa katika mtandao wa mteja, ikagonga kila kifaa inachokikuta, ikasoma ni toleo gani linaloitikia, kisha ikalinganisha na orodha ya udhaifu unaojulikana duniani na kuandika alama kati ya 0 na 10 mbele ya kila kasoro. Hakuna ubaya katika hilo, na hata mafundi wa Mlandege walitumia programu ya aina hiyo hiyo. Ubaya ni kwamba kampuni ile iliishia pale ilipopaswa kuanzia. Mwenye nyumba, mzee wa zaidi ya miaka 70 ambaye mlango wake wa mbele una nakshi na misumari ya shaba tangu enzi za babu yake, alizifunua kurasa zile huku akinywa kahawa, akazifunga, kisha akaniuliza: "Sasa huyu mwizi anapita wapi?" Sikuwa na jibu, na ripoti haikuwa nalo pia.

Mafundi wa Mlandege walikuja wenyewe kwa miguu, dada mmoja wa miaka thelathini hivi na mwenzake aliye mdogo kidogo. Jambo la kwanza walilolidai lilikuwa barua ya ruhusa iliyotiwa saini na mwenye nyumba, inayoeleza wataruhusiwa kugusa nini na watakiacha nini, na walikataa kufungua hata mkoba kabla ya kuipata. Nilipendezwa na hilo kuliko nilivyoonesha. Baada ya hapo, kwa muda wa karibu saa tatu, hapakuwashwa kompyuta. Walikaa nasi wakauliza maswali ambayo mwanzoni niliyaona ya umbea: nani anaingia jikoni, mgeni akipoteza kadi ya chumba anapewa nyingine na nani, nakala za pasipoti tunaziweka wapi na kwa muda gani, mfanyakazi akiacha kazi anarudisha nini, na ni kitu gani kikipotea leo kitatufanya tushindwe kufungua kesho. Nilipomwuliza dada yule kwa nini asianze na orodha nyekundu tuliyokwisha kuilipia, alinijibu kwa upole, "Ami, udhaifu peke yake haujasema kitu. Lazima kwanza tujue kifaa chenyewe kinalinda nini, kiko wapi, na nani anaweza kukifikia." Nilidhani ni maneno ya kunituliza. Kabla ya siku kwisha niliona kuwa ndiyo kazi yenyewe tuliyokuwa tumewalipia.

Nianze na kasoro iliyokuwa juu kabisa katika ripoti ya kwanza. Ilikuwa ya mashine inayohifadhi picha za kamera zetu, na iliandikwa jina lake linalojulikana, SWEET32, pamoja na alama 7.5. Kasoro hii ilielezwa mwaka 2016 na Karthikeyan Bhargavan na Gaëtan Leurent wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa. Inahusu visimbaji vya zamani (kisimbaji ni mbinu ya kuyageuza maandishi yasisomeke bila ya ufunguo wa siri), kama vile 3DES, vinavyoyakata maandishi katika vipande vya biti 64, yaani tarakimu 64 za sifuri na moja. Kipande cha biti 64 ni kidogo, kwa hiyo ukisimba data nyingi mno kwa ufunguo mmoja, hutokea kwa bahati tu kwamba vipande viwili vilivyosimbwa vinafanana, na kila mfanano humvujishia msikilizaji habari kidogo kuhusu kilichomo ndani. Mifanano ya kwanza huanza kutarajiwa baada ya takriban gigabaiti 32. Lakini ili kupata kitu chenye manufaa, yaani kile kitambulisho kinachomwezesha mtu kuingia katika tovuti kwa jina la mwenzake, watafiti wale walihitaji kunasa takriban gigabaiti 785 za mawasiliano, katika jaribio lililochukua muda usiotimia siku mbili, na kivinjari cha anayeshambuliwa kilikuwa kikiendesha programu ya hila iliyokuwa ikizalisha mawasiliano hayo bila kupumzika.

Sasa tuiweke kasoro hiyo Kiponda. Ukurasa wa mashine ya kamera unafunguliwa na mimi peke yangu, kila Jumatatu asubuhi, kutoka kompyuta moja iliyounganishwa kwa waya katika chumba cha nyuma, kwa muda usiozidi dakika tano, na haufikiki kutoka nje ya nyumba. Atakayetaka kunasa gigabaiti 785 kwa mwendo huo itambidi arithishe kazi kwa wajukuu. Mafundi hawakusema kasoro haipo. Waliandika kuwa ipo, kwamba kisimbaji kile kizimwe siku mashine itakapopata sasisho, na kwamba hakuna sababu ya kumwamsha mtu usiku kwa ajili yake.

Kilichonifungua macho zaidi ni ulinganisho waliouweka katika aya iliyofuata. Kasoro ya Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 2014 katika OpenSSL, programu inayosimba mawasiliano ya tovuti nyingi, ilimwezesha mtu yeyote, kutoka popote penye intaneti, kuiomba seva jibu fupi na kurudishiwa hadi kilobaiti 64 za yaliyomo katika kumbukumbu yake kwa kila ombi, pamoja na nywila za watu na pengine ufunguo wa siri wa seva yenyewe, bila ya alama yoyote kubaki katika kumbukumbu za kawaida za mfumo. Hisabati ya usimbaji haikuwa na kosa lolote. Mwandishi wa programu alisahau kuhakiki kama urefu alioutaja muombaji ni wa kweli. Kwa kipimo cha sasa Heartbleed nayo inahesabiwa 7.5, sawa na SWEET32, na kwa kipimo cha zamani ilipewa 5.0, daraja la wastani. Kasoro moja inahitaji siku mbili na mlima wa data, nyingine inahitaji ombi moja, na namba ni ile ile. Alama hiyo hupimwa kana kwamba kifaa hakina mahali. Kipimo chenyewe kimeacha sehemu ya kujaza mazingira ya mwenye kifaa, na kampuni ya kwanza iliiacha tupu katika kurasa zote 46.

Mfano wa pili ulikwenda kinyume, na ninauthamini kwa sababu hiyo, maana mkaguzi anayepunguza uzito wa kila kitu hana tofauti na anayekipaka kila kitu rangi nyekundu. Ripoti ya kwanza ilikuwa imetaja KRACK, kasoro ya Wi-Fi iliyotangazwa Oktoba 2017 na Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji, ikaiweka karibu na mkia kwa maelezo kwamba mshambuliaji lazima awe karibu. Kwa ufupi, simu na ruta zinapokubaliana ufunguo hupeana ujumbe nne, na kasoro hii humruhusu mtu wa kati kuurudisha ujumbe wa tatu ili kifaa kiuweke tena ufunguo ule ule na kuanza upya hesabu ambazo hazikupaswa kurudiwa. Neno la siri la Wi-Fi halijulikani, lakini yanayopita hewani yanaweza kusomeka.

Hilo neno "karibu" lina maana gani? Kwa mtu mwenye nyumba katikati ya bustani, aliye karibu ni aliyeruka ukuta. Kwetu sisi, dirisha la mapokezi linatazama baraza ya jirani, na barazani hapo kuna watu tangu alfajiri hadi usiku, wa bao, wa kahawa, na wageni waliopotea njia wakisubiri kuelekezwa. Kuta zetu za mawe na chokaa ni nene kiasi kwamba chumba cha pili kutoka kwenye ruta hakipati mawimbi vizuri, lakini barazani, kupitia dirisha lile, yanafika bila shida. Dada yule alitoka, akakaa barazani, akasalimiana na wazee, akarudi na kusema kwamba mawimbi ya Wi-Fi yetu yana nguvu zaidi nje kuliko chumba namba 6. Halafu akauliza mapokezi wanatumia kifaa gani. Ilikuwa tableti kuukuu ya Android 6, ambayo ndiyo miongoni mwa iliyoathirika vibaya zaidi, kwa kuwa ingeweza kulaghaiwa iweke ufunguo wa sifuri tupu. Ripoti ya kwanza ilikuwa imeiwekea alama ruta, ambapo shambulizi hili kimsingi huelekezwa kwenye vifaa vinavyojiunga na ruta. Tableti haikutajwa. Tulinunua nyingine wiki ile ile, na ingawa tovuti ya kuwekea nafasi ina usimbaji wake wa juu uliokuwa ukitukinga, sikuhitaji kushawishiwa mara mbili.

Kuhusu diski ya nje tunayohifadhia nakala za pasipoti sitakaa sana, ila kuna jambo la aibu ambalo uadilifu unanitaka nilikiri. Diski imesimbwa kwa AES, kiwango kilichopitishwa Marekani mwaka 2001 kutokana na kazi ya Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen. Kijana wetu wa mapokezi, anayesoma mambo haya, alikuwa ameniletea habari kwamba AES "imevunjwa" tangu 2011. Mafundi walieleza kwamba ni kweli kuna mbinu ya mwaka huo inayopunguza kazi ya kuuvunja ufunguo wa biti 128 hadi kazi sawa na ya biti 126 na ushei, jambo la fahari kwa mwanahisabati na lisilo na maana yoyote kwa mwizi, kwa sababu kazi inayobaki bado haifanyiki kwa kompyuta zote zilizopo duniani. Kisha wakaniomba neno la siri la diski. Lilikuwa jina la mtaa wetu likifuatiwa na mwaka tulioinunua, na lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya diski yenyewe, kwa mwandiko wangu. Hakuna aliyecheka, na hilo nalo nimelihesabu katika ubora wa huduma.

Sasa nifike kwenye milango. Mwaka 2016 tuliondoa funguo za shaba na kuweka vitasa vya kadi katika vyumba vyote. Muuzaji alituambia kwamba kadi zimesimbwa na kwamba hazinakiliki. Katika ripoti ya kurasa 46 vitasa havikutajwa popote, kwa sababu vinatumia betri na havijaunganishwa na mtandao, na programu inayotembea mtandaoni haipandi ngazi kwenda kutazama milango. Mafundi wa Mlandege waliichukua kadi ya kwanza waliyopewa, wakaisogeza kwenye simu, na simu ikaitambua mara moja kuwa ni ya aina ya MIFARE Classic.

Kadi hizi zilianza kuuzwa mwaka 1994 na zinatumia kisimbaji kiitwacho Crypto-1, chenye ufunguo wa biti 48, ambacho muundo wake ulifichwa na watengenezaji kwa zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa 2007 Karsten Nohl na Henryk Plötz walionesha kwamba walikuwa wamekiparua kipande cha saketi, wakakipiga picha kwa hadubini na kuusoma muundo huo tabaka kwa tabaka. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, walikivunja kisimbaji chenyewe. Kampuni ya NXP, watengenezaji wa kadi hizo, ilikwenda mahakamani Arnhem, Uholanzi, kuzuia uchapishaji wa matokeo yao, na Julai 2008 mahakama ilikataa. Mwaka 2009 watafiti wa chuo hicho hicho walieleza mbinu isiyohitaji hata kitasa, bali kadi peke yake: ukijua ufunguo wa sehemu moja ya kadi, unazipata za sehemu nyingine zote kwa muda mfupi sana. Auguste Kerckhoffs alikwisha kuandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa kusimba haupaswi kuhitaji siri isipokuwa ya ufunguo, na kwamba adui akiupata mfumo wenyewe pasiwe na hasara. Sisi tuliuziwa kadi hizo miaka minane baada ya hukumu ya Arnhem. Yule muuzaji bado anauza.

Ningeyachukulia haya kama historia ya mbali lau si kilichofanyika ngazini saa tano za asubuhi. Bi mkubwa wetu wa usafi huning'iniza aproni yake kwenye msumari ulio karibu na chumba cha kufulia, na kadi yake ya kufungulia vyumba vyote hukaa mfukoni mwa aproni hiyo anapokwenda kunywa chai. Dada yule aliniomba nitazame saa. Alisimama kando ya msumari, akakigusisha kifaa chenye ukubwa wa kiganja nje ya mfuko wa aproni, bila ya kuitoa kadi, akakishikilia hapo kama mtu anayesubiri foleni. Sehemu kadhaa za kadi zilikuwa bado na ufunguo wa kiwandani, herufi F kumi na mbili mfululizo, ambao kila fundi duniani anaujua, na kutokana na huo kifaa kikazitoa nyingine. Kisha akachukua kadi nyeupe isiyo na maandishi, akaandika ndani yake alichokisoma, akapanda hadi chumba namba 9 ambacho siku ile hakikuwa na mgeni, akaiweka kwenye kitasa. Taa ya kijani, mlio wa ulimi wa kitasa, mlango wazi. Saa yangu ilionesha dakika nne, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ya kupanda ngazi.

Kwa nini basi kadi kama hizo ziliendelea kutumika katika usafiri wa miji mikubwa, London ikiwemo, miaka kadhaa baada ya kuvunjwa? Hili nililiuliza mwenyewe, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Kadi ya nauli inazungumza na mfumo wenye kompyuta kuu, ambayo inaweza kulinganisha safari na malipo, ikaona kwamba kadi moja imeonekana mahali pawili au ina fedha ambazo hakuna aliyezilipa, ikaifunga. Na hasara ikitokea ni ya nauli. Kitasa chetu hakizungumzi na mtu. Kinaamua peke yake pale mlangoni kwa kuisoma kadi, hakina wa kumuuliza, na nyuma yake kuna pasipoti, fedha na mtu aliyelala. Udhaifu ni ule ule, kisimbaji ni kile kile, lakini jambo ni jingine kabisa. Isitoshe, mtu wa kuogopewa hapa hahitaji kutoka Urusi wala kuruka ukuta wowote: ni mgeni yeyote aliyelipia usiku mmoja, ambaye tumemkabidhi kadi kwa mikono yetu na kumwonesha ngazi.

Mafundi walitutajia pia vitasa vya Saflok, ambavyo Machi 2024 Lennert Wouters, Ian Carroll na wenzao walieleza namna vinavyofunguliwa kwa kadi mbili za kughushi. Vitasa zaidi ya milioni 3 katika nchi 131, na mtengenezaji alikuwa amearifiwa tangu Septemba 2022. Vyetu si vya aina hiyo. Walivitaja kwa ajili ya kasi ya marekebisho: ilipofika Machi 2024 ni asilimia 36 tu ya vitasa vilivyokuwa vimerekebishwa au kubadilishwa, kwa sababu kitasa kisicho na mtandao hurekebishwa na mtu anayekwenda mlango kwa mlango. Nyumba yenye vyumba 14 ina bahati katika hili kuliko hoteli za pwani.

Ushauri wao ulikuja kwa mafungu mawili, na hapa naona walistahili kila shilingi ya zile 900,000 tulizowalipa. La haraka halikuhitaji kununua kitu: kadi ya usafi iandikwe upya kila asubuhi na ife saa nane mchana, isifungue vyumba vya ghorofa ambayo bi mkubwa hafanyi kazi siku hiyo, na ikae shingoni, si kwenye msumari. Kisimbaji kinabaki kibovu, lakini nakala iliyoibiwa inakuwa na saa chache za kuishi. La pili ni kubadili kadi na visomeo kwenda kwenye aina inayotumia AES, na walipendekeza lifanyike masika, wageni wanapokuwa wachache. Nilipouliza kama kadi hizo mpya haziwezi kuvunjwa kamwe, sikupewa ahadi ya aina ya yule muuzaji. Walinieleza kwamba toleo la kwanza la DESFire, kadi nyingine ya NXP, lililokuwa likitumia 3DES, lilitolewa siri zake mwaka 2011 na David Oswald na Christof Paar wa Bochum, Ujerumani, kwa kupima mionzi ya sumaku-umeme inayotoka kwenye kadi inapofanya hesabu. Lakini kazi ile ilihitaji vifaa vya maabara na kadi kushikiliwa kwa saa kadhaa. Kati ya saa kadhaa maabarani na dakika nne ngazini, nikasema, mimi nachagua maabara.

Malalamiko sasa. Walituahidi ripoti ndani ya wiki moja, ikaja baada ya siku 19, na rasimu ya kwanza ilikuwa kwa Kiingereza kitupu. Mwenye nyumba aliikataa. Walipoirudisha kwa Kiswahili ilikuwa fupi zaidi na bora zaidi, kwa sababu kila mahali walipokuwa wameficha wazo nyuma ya istilahi iliwabidi waseme wanachokusudia, na nadhani hilo wenyewe waliliona. Mfumo wa kupokea malipo kwa simu hawakuugusa kabisa, wakisema hauko katika makubaliano. Ni kweli haukuwamo, lakini mtu aliyeuliza maswali kwa saa tatu angeweza kunikumbusha kuuingiza. Sehemu ya kamera nayo ilinakiliwa kwa wingi kutoka programu ya ukaguzi bila ya kuhaririwa, pakiwemo onyo kuhusu cheti cha mashine ambalo hadi leo sijui linanitaka nifanye nini.

Kubwa zaidi ni ile kadi nyeupe. Siku nne baada ya jaribio niliikuta katika droo ya mapokezi, chini ya kitabu cha risiti, haina alama wala maandishi, imechanganyika na kadi tupu tunazowaandikia wageni. Nilipanda nayo hadi chumba namba 9 nikaijaribu, na taa ilikuwa ya kijani. Kwa siku nne, kijana yeyote wa zamu angeweza kumkabidhi mgeni kadi inayofungua nyumba nzima, na ofisi iliyotueleza hatari hiyo ndiyo iliyoiacha pale. Nilipompigia simu dada yule alinyamaza kidogo, akaomba radhi bila ya kujitetea, akaja jioni ile ile kuichukua. Nimempunguzia nyota moja kati ya tano kwa hilo, na nusu nyingine kwa zile siku 19.

Masika yajayo nitawaita tena, safari hii waende na Chake Chake, ambako mwenye nyumba ana jengo dogo la vyumba sita linalotumia bado funguo za chuma, na anataka kujua kama abadilishe au aache. Nauli ya boti ni juu yetu. Nimewaandikia masharti mawili, nao wameyakubali: ripoti ije kwa Kiswahili tangu mwanzo, na kila kadi watakayoinakili ikatwe kwa mkasi mbele yangu kabla hawajashuka ngazi.